Meli Isiyokunywa Mafuta

Jina la Tangi Tupu fundi wa mafriji alipewa na shemeji yake mwenyewe, mdogo wa mumewe, mbele ya ukumbi mzima, na siku ile alilipokea kwa kucheka kidogo, kama watu wanavyocheka wakikanyagwa mguu na mkubwa. Kicheko hicho ndicho kilichomchoma zaidi baadaye. Kuitwa mjinga na mjinga ni jambo la kawaida duniani, lakini kumsaidia kucheka!

Ukumbi wenyewe usikutishe. Ni chumba kirefu juu ya duka la matairi, kinanuka mpira mpya mwaka mzima, na vioo vyake vimepakwa rangi ili jua lisiue mwanga wa projekta. Humo ndimo watu wazima wenye kazi zao na watoto hukutana kila Jumamosi kupigana vita vya baharini kwenye kompyuta. Mchezo wenyewe unaitwa Bahari ya Chuma. Kila chama kina visiwa vyake, manowari zake, na meli za mizigo za kuzipelekea manowari hizo mafuta. Anayeushikilia mlango wa bahari wa katikati zamu ya mwisho inapokwisha, huyo ndiye mshindi.

Wenye manowari hukaa mbele, kwenye viti vya magurudumu, wakizunguka nusu duara kila wakirusha kombora. Wenye meli za mizigo hukaa nyuma, ukutani kwa choo, kwenye kompyuta zilizong'oka vibonyezo. Kwa miaka yote hakuna aliyeuliza kwa nini iko hivyo. Wa mbele waliona ni sawa kwa sababu wako mbele, na wa nyuma waliona ni sawa kwa sababu wameshazoea harufu.

Mkuu wa hao wa nyuma alikuwa yeye, fundi wa mafriji. Mkuu wa wote alikuwa shemeji, wakala wa bima, mtu wa shingo nene na sauti ya kutangazia mpira, ambaye alijiita Jemadari kabla hajaitwa na mtu. Alikuwa kitindamimba wa mama mkwe, yaani mtu aliyekua akiambiwa kwamba maji yamemwagika yenyewe.

Sasa, kilichotokea ni hiki. Katika fainali ya msimu uliopita, manowari zote za chama zilijipanga mlangoni zikisubiri mafuta, na meli kubwa za mizigo zilizoitwa Nyangumi zilikuwa njiani zikiyaleta. Zikakauka katikati ya bahari. Pale ukutani alama zake ziligeuka nyekundu moja baada ya nyingine, kisha manowari nazo zikafuata, na wapinzani wao, kundi la wafanyakazi wa benki lenye fulana za kufanana, wakaja kuzizamisha taratibu huku wakila karanga. Walikuwa hawana hata haja ya kulenga.

Jemadari akainuka, akageuka, akaangalia kule nyuma.

"Meli niliwapa nzuri, kila mtu shahidi," alisema. "Sasa mwulizeni aliyekuwa anaziendesha. Mwulizeni Tangi Tupu."

Watu wakaangua kicheko. Naye fundi, kama nilivyokwisha kusema, akacheka.

Lakini fundi hakuwa mtu wa kusahau. Angeweza kukwambia friji gani lilirudishwa dukani kwa kosa la nani, na mwenye kosa siku hiyo alivaa shati gani. Kwa hiyo alikumbuka vizuri sana mwanzo wa msimu ule, Jemadari aliposimama na kitu alichokiita utafiti, akathibitisha kwa mbwembwe kwamba Nyangumi, pamoja na ukubwa wake, inakunywa mafuta kidogo kuliko zile meli ndogo zinazoitwa Dagaa. Meli inabeba mara tano zaidi na inakunywa kidogo! Ukumbi ulishangilia kama vile ndiye aliyeizaa. Dagaa zote zikauzwa ndani ya mchezo, zikanunuliwa Nyangumi.

Fundi alinyoosha mkono siku ile. "Umepimaje?"

"Shemeji," Jemadari alimjibu, "hii si friji."

Wakacheka siku hiyo pia. Lakini sasa nani alikumbuka? Watu hukumbuka nani alikuwa ameshika usukani gari lilipozimika. Aliyewauzia gari bovu hawamkumbuki, hasa akiwa amekaa mbele na ana sauti nzuri.

Kama yangeishia ukumbini, pengine fundi angeyameza. Lakini Jumapili mchana familia yote hula kwa mama mkwe, kwenye ile meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, na huko Jemadari alizigeuza Nyangumi kuwa ngano. Kila Jumapili aliisimulia, na kila Jumapili bahari iliongezeka upana na wapinzani wakazidi kuwa wakali. Chumvi ikiisha kibakulini: "Tangi Tupu kapita hapa." Gesi ikizimika jikoni: "Nani kamwachia Tangi Tupu awashe?" Mama mkwe alikuwa akicheka mpaka anajifuta macho kwa kanga, kwa sababu mwanawe mdogo akisema jambo ni lazima liwe zuri. Mume wa fundi, mtengeneza miwani, mtu mpole, mpole wa kukera, alikuwa akitazama sahani yake.

Siku moja binti yao, aliyekuwa bado hajamaliza hata shule ya msingi, aliishiwa wino katikati ya kazi ya shule, akasema peke yake kwa sauti: "Aa, nimekuwa kama mama."

Hakuwa na nia mbaya. Mtoto huchukua lugha anayoikuta mezani. Fundi alikuwa mlangoni na bisibisi mkononi, akasikia. Akaenda zake kibarazani akafungua mota ya friji la watu, akaifunga, akaifungua tena. Siku hiyo ndipo alipoamua. Hakutaka kombe, wala hakutaka kiti cha magurudumu. Alitaka kitu kimoja: huyu bwana aseme kwa kinywa chake, mbele ya haohao aliowachekesha, nani aliyezikausha zile meli.

Na ili aseme, lazima zipimwe.

Alimchukua muuguzi mmoja wa kiume, mwenzake wa kule nyuma, mtu mwembamba mwenye ulimi kama wembe, wakaenda ukumbini Jumamosi asubuhi kabla wenye manowari hawajaamka. Mchezo una bahari ya mazoezi, haina adui wala hali ya hewa. Wakatoa Nyangumi moja na Dagaa moja kutoka bandari ileile, kuelekea bandari ileile, kwa mwendo uleule, zote zimejaa mzigo. Wakaandika mafuta yaliyomo tangini kabla ya kung'oa nanga. Zikafika. Wakasoma tangi tena.

Nyangumi ilikuwa imekunywa kidogo kuliko Dagaa.

"Rudia," alisema fundi.

Wakarudia zikiwa tupu, wakarudia kwa kasi kamili na kwa nusu kasi, wakabadilisha bandari. Nyangumi hainywi. Ilisafiri kama mtu aliyefunga.

Muuguzi alijinyoosha mgongo. "Dada, sipendi kusema, lakini shemeji yako anaweza kuwa sahihi."

"Nyamaza."

"Nimenyamaza. Nasema tu, kama yuko sahihi, basi meli zilikauka kwa sababu yetu."

Fundi alizisoma tena hesabu. Moyoni alikuwa na baridi ya kweli, siyo ile ya kazini kwake. Maana kuna jambo baya kuliko kuonewa, nalo ni kugundua kwamba hukuonewa. Alijiona akikaa kwenye ile meza Jumapili baada ya Jumapili mpaka anazeeka, akicheka kidogo. Akaiacha kompyuta wazi, akaenda dirishani, akakwangua rangi ya kioo kwa ukucha.

Aliporudi, kwa hasira tu, alifungua kila kitu kilichofunguka. Hali ya meli. Hali ya injini. Hali ya bandari. Hapo kwenye bandari akasita. Ghala la mafuta la bandari waliyofikia halikuwa limejaa kama lilivyokuwa asubuhi.

"Nani kachukua mafuta bandarini?"

"Hakuna. Tupo sisi wawili na hizi meli mbili."

"Basi ni hizi meli."

Ikawa ndiyo hivyo. Kila meli inapotia nanga, bandari inaipa gawio la mafuta bila kuulizwa, palepale, kabla wewe mchezaji hujapata nafasi ya kusoma tangi. Na gawio linakwenda kwa ukubwa. Dagaa inapewa kikombe, Nyangumi inapewa pipa. Kwa hiyo anayesoma tangi bandarini haoni meli imekunywa nini njiani. Anaona tu kilichobaki baada ya meli kunywa na kunyweshwa.

Muuguzi aliweka mikono kichwani. "Mimi kazini nikimwagia mgonjwa maji ya baridi halafu ndiyo nimpime homa, nafukuzwa jioni ileile."

"Shemeji angekuwa daktari mkuu," alisema fundi.

Wakapima upya. Safari hii walizisimamisha meli baharini, mraba mmoja kabla ya bandari, wakasoma hapo. Na hapo Nyangumi ikavuliwa nguo. Ilikuwa inabugia mafuta kama trekta bovu. Ukigawa mafuta kwa mzigo uliofika, Dagaa ilikuwa inaishinda mbali, na kwa nusu kasi tofauti ilikuwa ya kuaibisha. Kwenye njia fupi zenye bandari nyingi, sawa, Nyangumi ilijificha. Ukiipeleka bahari kuu, kusikokuwa na bandari ya kuifichia aibu, lazima ikauke. Hata angeiendesha malaika.

Fundi akafurahi kwa muda mfupi sana, kama mtu aliyepata ufunguo na bado hajaufikia mlango.

Hapa ndipo alipofanya ujinga wake, na ni haki usemwe. Alidhani ukweli ukishapatikana, kazi imekwisha. Wanaoamini hivyo wako wengi, na wote wanakaa nyuma karibu na choo.

Jumapili alimvizia Jemadari sebuleni kwa mama mkwe, akamweleza yote, polepole, pamoja na ghala na gawio. Jemadari alisikiliza huku akijichokoa meno.

"Shemeji, ya mwaka jana si yameshapita?"

"Yamepita wapi, na umeyasimulia sasa hivi tukila?"

"Ule ni utani wa familia."

"Utani una jina langu. Toa jina langu, weka lako, tuone kama utabaki utani."

Jemadari akacheka kile kicheko cha kibima, cha mtu anayekusomea masharti madogo baada ya nyumba kuungua. "Unakuwa mkali bure. Hebu nitumie hizo hesabu kwa simu, nizipitie kwa utulivu. Kama zina ukweli, nitalisema."

Akazipiga picha, akamtumia. Zote.

Jumamosi iliyofuata Jemadari alisimama mbele ya projekta, mkono mmoja mfukoni. Fundi alikaa wima kule nyuma, akazirudisha nywele nyuma ya sikio. Muuguzi akamgusa kiwiko.

"Ndugu zangu," alisema Jemadari, "mnajua mimi silali kwa ajili ya chama hiki. Nimekaa, nimetafakari, nimepima upya. Msimu huu tunarudi kwenye Dagaa. Nusu kasi. Nina takwimu zote hapa." Ukutani zikatokea hesabu za fundi, zile zile, hata mahali muuguzi alipokosea akafuta palionekana. "Nimefanya hivi," akamalizia, "ili makosa ya Tangi Tupu yasijirudie."

Wakapiga makofi. Mmoja wa mbele, mwanasheria mwenye manowari mbili, alisimama kabisa.

Hivi ndivyo wanavyofanya wenye viti vya magurudumu, usione ni mchezo tu. Kosa lao wanakutupia, dawa yake wanakuibia, halafu wanakutaka ushukuru kwa kuponywa. Na wakishamaliza, kila kitu kiko sawa isipokuwa wewe. Meli sahihi zimenunuliwa. Mwendo sahihi umewekwa. Jina chafu limebaki palepale lilipotundikwa, na sasa lina ushahidi wa kitaalamu.

Fundi hakucheka siku ile. Baada ya mchezo aliwabakisha wenzake wa nyuma: muuguzi, dobi mmoja mnene mwenye vidole vilivyochubuka kwa sabuni, na mwalimu wa chekechea aliyezungumza na kila mtu kana kwamba ana miaka minne.

"Manowari bila mafuta ni nini?" aliwauliza.

"Bati," alisema dobi.

"Na mafuta yanafikaje?"

"Tunayapeleka sisi."

"Basi fainali hatupeleki mpaka aseme."

Mwalimu wa chekechea alishika kifua. "Jamani, si tutaitwa wasaliti?"

"Mimi nimeitwa tangi," alisema fundi. "Nitakuambia linavyouma, uchague."

"Na akikataa kusema?"

"Akikataa, tutakuwa tumekaa tu. Ndiyo kazi ambayo wao wanadhani tunafanya siku zote."

Dobi alicheka hadi kiti kikalalamika. Mwalimu naye, baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu atakayepigwa, akakubali.

Fainali ilipofika, ukumbi ulifurika mpaka ngazini. Watu wa benki walikuja na fulana mpya. Jemadari alikuwa ameialika familia nzima ije imwone akishinda, na akawawekea viti pembeni: mama mkwe na mkoba wake mapajani, mume wa fundi, binti, na mawifi wawili waliokuwa wakiuliza kila dakika ni yupi adui.

Mchezo ulianza vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Dagaa zilitoka bandarini kwa nusu kasi, zimejaa mafuta, zikafuata manowari kwa nyuma. Manowari zilishambulia, zikausogelea mlango wa bahari, zikakaa. Jemadari alizunguka kwenye kiti chake mpaka miguu ikawa inapaa. Mafuta ya manowari yalipopungua, ndipo alipopaza sauti bila kugeuka, kama mtu anavyoita maji ya kunawa.

"Mizigo! Sogeza!"

Hakuna kilichosogea.

"Mizigo!"

"Tumekusikia," alisema muuguzi.

"Sasa?"

"Zimesimama."

"Zimekauka?" Hapo aligeuka, na uso wake ulikuwa umeshaanza kutabasamu, maana kama zimekauka, utani wa mwaka mzima mwingine ulikuwa tayari mdomoni.

"Hazijakauka," alisema fundi. Alisimama. "Matangi yamejaa. Nimezisimamisha mimi. Zitatembea ukishawaambia watu hawa nani alipima Nyangumi, na alizipimia wapi."

Ukumbi wote ukapiga kelele kwa pamoja. Mwanasheria alitaja katiba ya chama. Mtu mmoja akasema huyu mama atolewe. Kijana wa benki akauliza kama wanaweza kuendelea, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, wakaendelea: meli zao zikaanza kuukaribia mlango upande wa pili.

Jemadari alikuja mpaka nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akainama. "Shemeji. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani ndiko unakoongea sana. Leo ongea hapa."

"Unaniaibisha mbele ya mama."

"Mimi umeniaibisha mbele ya mama yako na mbele ya mwanangu. Leo mama amekuja mwenyewe, kiti umemwekea wewe."

"Huu ni usaliti!"

"Ni foleni," alisema dobi. "Tunasubiri huduma."

Ukutani manowari ya kwanza iligeuka nyekundu. Mwanasheria, aliyekuwa mwenye manowari hiyo, akasahau katiba palepale. "Bwana, kama kuna neno la kusema si uliseme? Meli yangu inakufa!" Hakuuliza kama neno lenyewe ni kweli. Hao ndio waliopiga makofi. Ukiwashika kwenye mafuta, hata wao wanapenda haki.

Jemadari akarudi mbele, akajipangusa paji la uso, akatoa ile sauti ya kutangazia mpira. "Ndugu wanachama. Ni kweli kwamba katika msimu uliopita zilijitokeza changamoto kadhaa za kiutafiti—"

"Changamoto ilikuwa na shingo kama yako?" aliuliza dobi.

"—ambazo uongozi, kwa pamoja, ulizifanyia kazi—"

"Hapana," alisema fundi. Hakupaza sauti. "Meli zimesimama bado."

Manowari ya pili ikawa nyekundu. Wa benki walikuwa wameingia mlangoni, wakitembea kwa adabu kama watu walioingia nyumba ya wenyewe wakikuta ugomvi.

Ndipo mama mkwe alipouliza, kwa sauti ya kawaida ya mezani: "Kwani wanataka useme nini, baba?"

"Si kitu, mama."

"Kama si kitu, kiseme basi tumalize. Kiti hiki kinaniumiza."

Jemadari alimtazama mama yake, akaitazama projekta, akamtazama fundi, na kwa muda fundi aliona wazi kabisa kwamba mtu huyu yuko tayari kuzamisha kila alichonacho baharini kuliko kusema maneno matatu. Alikuwa ameshalijua hilo kwa akili, lakini kuliona kwa macho ni kitu kingine. Mtu mzima, mwenye mke na gari, shingo imemjaa jasho, anahesabu manowari zake kichwani, kuona kama anaweza kubaki na moja tu asiseme.

Ya tatu ikawa nyekundu.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe ndiye nini?" aliuliza fundi.

"Mimi ndiye niliyepima Nyangumi." Alikuwa akiongea na viatu vyake. "Nilisoma tangi bandarini. Nilipima vibaya. Zingekauka hata angeendesha nani."

"Na niliuliza nini siku ile?"

"Uliuliza nimepimaje."

"Ukanijibu?"

"Nikakwambia hii si friji."

"Na hizi hesabu za msimu huu?"

Alifunga macho. "Zako. Zenu. Wewe na huyu muuguzi."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe alimwangalia mwanawe kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali alipoweka kitu. "Kwa hiyo mwaka mzima," alisema, "ulikuwa unanichekesha kwa ujinga wako mwenyewe?" Mkoba aliuhamisha kutoka paja hili kwenda lile. Hakumgeukia fundi kumwomba radhi; wala fundi hakuwa ameitarajia. Lakini binti alikuwa amesimama juu ya kiti ili aone, na alikuwa amesikia kila neno, na hilo ndilo lilikuwa la maana.

Fundi akakaa. "Haya, jamani. Dagaa zote. Nusu kasi."

"Kasi kamili!" Jemadari alipiga yowe, roho imemrudia. "Shemeji, nakuomba, kasi kamili, hatuna muda!"

"Kwa kasi kamili hazifiki. Umezisoma hesabu, umezionyesha hadharani mwenyewe. Nusu kasi."

Na Dagaa zikaanza kutembea.

Zilitembea kama zinavyotembea, vidoa vidogo vya kijivu, mraba kwa mraba. Ukumbi mzima, wa fulana mpya na wa viti vya magurudumu, na wale wa ngazini, haukuwa na lingine la kufanya ila kuzitazama. Hakukuwa na kombora lolote la kurusha. Mwanasheria aling'ata kucha. Wifi mmoja aliuliza zile ndogo ni za nani, na mwalimu wa chekechea akageuka kwa upole wote aliopewa na Mungu, akamjibu: "Zile ni zetu sisi, mama. Unaona zinavyokwenda vizuri?"

Zilipozifikia manowari, alama nyekundu zilizimika moja moja. Mafuta yalifika yote, na ndani ya matangi ya Dagaa zenyewe yalibaki ya kurudia. Lakini mlango wa bahari ulikuwa umeshashikwa, zamu ya mwisho ikaisha, na wafanyakazi wa benki wakapeana mikono kwa aibu kidogo, kama watu waliookota kitu njiani.

Jemadari alikuwa amejiachia kitini, mikono inaning'inia. "Tumeshindwa," alisema. "Mmeridhika? Tumeshindwa."

"Nyie mmeshindwa," alisema fundi, akizima kompyuta yake. "Sisi tumefika."